Matangi ya Wifi Yangu

Wifi yangu akienda kununua viatu hamalizi dakika tano. Anaingia, anavaa kimoja, anapiga hatua mbili, analipa, huyo anaondoka. Lakini tulipofika kwenye suala la matangi ya kuchachushia bia, mwanamke huyo huyo alinizungusha miezi minne. Nami ni mtu nisiye na simile. Nalisema mapema ili ujue anayekusimulia ni nani.

Ni dada wa mume wangu, kitinda mimba wao. Wenzake wa kazini walimwita Tochi, na sisi nyumbani tukalizoea jina hilo mpaka mama mkwe naye akalikubali. Kwa miaka kumi na saba Tochi aliosha matangi katika kiwanda kikubwa cha bia, ambako kila tangi lina ngazi na namba yake kama nyumba ya mtaani. Tangi likishamwagwa na kupigwa hewa safi, yeye ndiye aliyejipenyeza kwenye tundu la ubavuni, tochi mkononi, kuhakikisha hakuna uchafu uliobaki. Punje moja ya uchafu iliyojificha kwenye kona inaharibu bia ya watu elfu, na jina linaloitwa ofisini ni la aliyeosha. Jina lake halikuwahi kuitwa.

Kazi ya kuosha ilimpa muda wa kuuliza maswali. Wapishi wa bia wakinywa chai, yeye yupo. Kwa nini bia hii inakaa wiki mbili na ile siku arobaini? Kwa nini hamira ya hii inaelea na ya ile inazama? Walimjibu kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwauliza. Jioni alikuwa akiandika majibu kwenye daftari la jalada jekundu, na Jumapili anapika bia yake jikoni kwetu, kwenye ndoo mbili na friji bovu ambalo mume wangu alilifufua. Nyumba nzima ilinuka kimea. Majirani walidhani nimeanza kuoka mikate, na wawili walikuja kuulizia.

Mimi kwa upande wangu nimeuza bia za watu wengine kwa miaka kumi na mmoja, kwenye baa yenye meza kumi na mbili. Duka la magodoro lililokuwa jirani lilipofungwa, nikakata shauri siku hiyo hiyo. Tuvunje ukuta, tuweke kioo, tupike bia yetu wenyewe na mteja aione inavyopikwa. Mume wangu ni fundi mwashi, kwa hiyo ukuta ulikuwa juu yake. Tochi aliaga kiwandani. Upishi ulikuwa juu yake. Kelele, kama alivyosema mume wangu, zilikuwa juu yangu.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze vizuri, maana ndilo lililotufikisha tulipofika. Tochi alikuwa akipika bia za aina mbili. Ya kwanza ni ya haraka, wiki mbili iko tayari, nzuri, imechangamka, mtu anakunywa huku anapiga hadithi. Ya pili ni ya taratibu. Ikishachacha inataka kuachwa kwenye baridi siku arobaini, haiguswi, haibughudhiwi. Siku aliyonionjesha ile ya pili, nilikaa kimya kwa glasi nzima. Mume wangu alinitazama usoni kama anayefikiria kumwita daktari.

Hiyo ndiyo bia aliyoitaka Tochi. Ile ya haraka aliipika kwa ajili yetu. Hii ya taratibu ilikuwa yake.

Lakini mimi nina kidonda changu. Mwaka wangu wa pili wa biashara, Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, bia iliniishia saa kumi jioni baa ikiwa imefurika. Niliwatazama watu wakiinuka meza moja baada ya nyingine, wakinipa pole huku wanavaa makoti. Tangu siku hiyo neno "imekwisha" likitajwa mbele yangu, nakimbilia stoo kuhesabu kreti. Kwa hiyo niliposikia matangi, nilichotaka ni kimoja tu: makubwa.

Fundi wa matangi tuliyemfikia baada ya miezi hiyo minne ya kuzungushwa ana yadi yake nyuma ya karakana za magari. Ni mwanamume mnene, mcheshi, mwenye kipande cha chaki sikioni muda wote, na matangi yake ya chuma cha pua yalikuwa yamesimama juani yakimeremeta hata ukashindwa kuyatazama. Nakiri kwamba nilishikwa na kichaa kidogo. Nilizunguka kila moja, nikagonga, nikasikiliza mlio kama ninayenunua tikiti maji. Chini yalikuwa na mchongoko kama faneli, ili hamira ikishuka ikusanyike na kutolewa kwa koki. Ubavuni yalikuwa na ngozi ya pili, ambayo fundi aliiita koti, ya kupitishia maji ya baridi.

"Naomba niingie ndani ya hili," Tochi alisema.

"Dada, utachafuka," fundi akamjibu.

"Nikichafuka, basi tangi lako halifai."

Fundi alicheka, akamfungulia. Wifi yangu alivua viatu, akaingiza mkono mmoja, kichwa, bega, kisha akamezwa wote. Tukabaki tunasikia mnong'ono wake ndani, maana ana tabia ya kujisemea akifanya kazi. Dakika kumi zilipita. Alipochomoza alikuwa msafi kama alivyoingia.

"Mshono wa pili kutoka chini, upande wa koki," alisema. "Kidole kinakwama. Uchafu utalala pale."

Fundi aliingiza kichwa chake na kurunzi. Alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa shingo ile. Alipotoka, uso ulikuwa umebadilika.

"Hilo halitoki hapa mpaka lichomelewe upya," alisema, kisha akamgeukia. "Mwalimu, umesoma wapi?"

"Ndani," Tochi akajibu.

Mungu wangu, nilivyojisikia! Kama mtoto wangu ndiye aliyeongoza darasa. Nilitaka niwapigie simu watu wote ninaowajua niwaambie kwamba yule pale ni wifi yangu.

Na kwa furaha hiyo hiyo nikaharibu mambo. Nilisimama mbele ya tangi kubwa kuliko yote, la mita mbili na sentimita tisini, nikaona sura yangu imevimba ubavuni mwake, nikajipenda. "Nataka matatu kama hili," nilisema. "Dari langu ni mita tatu. Nimepima mwenyewe, mara mbili."

Tochi alinisogelea. "Wifi, yakiwa matatu, moja litakuwa linauzwa, la pili linaiva, la tatu linaanza. Hakuna la kukaa siku arobaini."

"Hiyo yako tutaipika baadaye, tukishasimama."

"Baadaye lini?"

"Baadaye, Tochi. Usinikatishe stimu."

Nikapeana mkono na fundi. Akasema kesho saa tatu asubuhi anaanza kukata bati. Njiani nilipiga domo la watu wawili. Tochi alitazama dirishani, na mimi nikajitia hamnazo.

Asubuhi nilifika mapema kwenye lile duka la magodoro, chupa ya chai mkononi, nikiimba. Mume wangu alikuwa juu ya ngazi anapiga plasta. Tochi alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu, anatazama dari.

"Wifi," alisema bila kushusha macho, "yale matangi hayatasimama humu."

"Hayatasimama kivipi? Dari mita tatu, tangi mbili tisini. Hata shule ya msingi sikufeli hesabu ya kutoa."

"Likishasimama, linakaa. Shida ni kulisimamisha. Litaingia mlangoni limelala. Ukianza kuliinua, pembe ya juu inakwenda juu zaidi ya tangi lenyewe, ndipo inashuka. Nimeona kiwandani wakibomoa paa kwa kosa hilo."

Ukiniuliza leo nitakwambia alisema maneno ya wazi kabisa. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshayaona matangi yangu yamepanga mstari nyuma ya kioo, na masikio yangu yalikuwa yamefungwa. Nikatamka neno ambalo mpaka sasa nikilikumbuka naona haya.

"Tochi, sema ukweli. Ni ile bia yako. Umekosa tangi la siku arobaini, sasa umetafuta sababu."

Juu ya ngazi mwiko wa plasta ulisimama.

Tochi hakupandisha sauti. Hajui kupandisha. "Nimeligundua jana pale pale kwa fundi," alisema. "Nikanyamaza, kwa sababu nilijua utasema hivyo. Usiku sikulala. Sasa sikiliza, wifi. Bia yangu itoe. Chukua madogo, kadiri yatakavyoenea, yote yapikie ile ya haraka. Ya taratibu sitaitaja tena. Lakini yale makubwa usichukue. Utalia."

Mtu angenitukana ningejua la kujibu. Nimekaa baa miaka kumi na mmoja. Lakini huyu alikuwa amechukua kitu pekee anachokitaka duniani, akakiweka chini mbele yangu, ili tu nimwamini kuhusu dari.

"Tupime," mume wangu alisema huku anashuka. "Maneno mengi ya nini? Tupime."

Wenye magodoro walikuwa wameacha nyuma rundo la maboksi makubwa. Mume wangu aliyafungua, akayaunganisha kwa gundi ya karatasi, Tochi akachora kutoka kichwani bila kutazama popote: urefu huu, upana mita moja na arobaini, mabega hapa, miguu hapa. Kwa muda mfupi tukawa na ubavu wa tangi uliolala sakafuni, wa boksi, wa ukubwa ule ule. Nilikuwa bado nina tamaa. Nilishika upande wangu wa juu kwa nguvu zote nikasema, "Haya, moja, mbili, tatu!"

Tukaliinua. Likapanda vizuri, likapanda, likapanda, kisha bega lake likagonga dari. Miguu ilikuwa bado imeinama, haijafika hata karibu na kusimama.

"Sukuma!" nilipiga kelele.

"Nisukume wapi, mke wangu? Juu kuna nyumba ya mtu."

Nikasukuma mwenyewe. Boksi likatoa mlio, likajikunja, likanifunika kichwa na mabega. Huko juu, mama mwenye nyumba akagonga sakafu yake kwa fimbo. "Mnabomoa?" sauti yake ilishuka kupitia dirishani.

"Hapana, mama, shikamoo!" mume wangu akajibu. "Tunasimamisha boksi!"

"Marahaba," akasema mama kwa mashaka.

Ndani ya boksi lile nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Nilipojinasua nilimtazama Tochi. Hakuwa na ile sura ya "nilikwambia." Alikuwa anatazama saa yake ya mkononi.

"Saa tatu kasoro robo," alisema. "Anakata saa tatu."

Nilipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ndani ya yadi ile, misumeno ikishaanza hata radi haisikiki. "Twendeni!" nilisema, na sikumbuki tulivyopanda ile pikapu ya mume wangu ya kubebea mchanga, ila najua nilipanda na mwiko wa plasta mkononi, na sikuwa nimeugusa kabla. Mume wangu, ambaye siku zote huendesha kama amebeba mayai, alikata kona ya karakana hata koleo likaruka nyuma. Tochi alishika dashibodi kwa mikono miwili. Nilikuwa naogopa, ndiyo, lakini naomba unielewe, nilikuwa pia na raha ya ajabu. Tulikuwa watu wazima watatu, tunakimbizana na kipande cha bati.

Fundi alikuwa ameshachora. Bati la chuma cha pua lilikuwa limelala mezani, mistari ya chaki juu yake, miwani ya kazi imeshashuka machoni, msumeno unazunguka.

"Simama!" nilipiga yowe, mwiko juu.

Msumeno ulizima. Fundi alipandisha miwani akatutazama, plasta, mchanga, boksi kwenye nywele zangu. "Mama," alisema taratibu, "kuna usalama?"

Nilimweleza yote, na kosa nikalibeba mwenyewe. Alijikuna kichwa. Alikiri kwamba aliusikia urefu wa dari lakini hakuuliza matangi yatasimamishiwa wapi. Wateja wake wengi wana paa za juu. Kisha akavuta karatasi mpya. Madogo yalikuwa ya mita mbili na kumi, membamba. Kwenye ukuta wangu wa nyuma yangeenea matano, yakiacha nafasi ya mtu kupita na ndoo.

"Matano," nilisema. "Tuone yatakavyozunguka."

Tochi akainama mezani akanipangia kwa vidole. La kwanza lijazwe Jumatatu, la pili Alhamisi, la tatu Jumatatu inayofuata. Alinionyesha kwamba likitokea moja limeharibika, bado bia haiishi. Alinionyesha mpaka Jumamosi za mwisho wa mwezi. Alijua kidonda changu kuliko nilivyodhani. Vidole vitano, matangi matano, yote bia ya haraka. Ya taratibu haikuwemo. Alikuwa ametoa neno asubuhi, na neno lake alikuwa analishika palepale mbele yangu, bila kununa, anapanga furaha yangu mimi.

Hapo ndipo nilipovunjika.

"Fundi," nilisema, na sauti yangu haikuwa yangu, "bia ya kukaa siku arobaini inataka tangi la namna gani?"

Tochi aliinua kichwa.

"Hiyo?" fundi akasema. "Hiyo wala haina haja ya kusimama. Hiyo inalala. Tangi refu, limelazwa juu ya miguu mifupi. Tena ni bora, maana hamira haina safari ndefu ya kushuka, inatua upesi na bia inakuwa safi. Na la kulala halina shida na dari. Unaliingiza mlangoni lilivyo, unaliacha lilivyo. Tatizo lake ni moja, linakula sakafu."

"Linakula kiasi gani?"

Akapima kwa hatua zake, tatu ndefu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umekwisha. Iliyobaki ilikuwa sehemu moja tu, chini ya dirisha kubwa la mbele, na pale nilikuwa nimejipangia kaunta yangu. Nilikuwa nimeshaichagulia na mbao. Nilikuwa nimejiona nimekaa pale, mwenye mali, napungia watu mkono.

"Liweke chini ya dirisha la mbele," nilisema.

"Wifi," Tochi akasema haraka, "pale ni pako."

"Nitasimama kwingine. Nina miguu."

"Mimi sikudai. Nilisema sitadai."

"Hujadai. Nani amesema umedai? Mimi ndiye naagiza tangi hapa."

"Wateja wataliona limejaa na hawataruhusiwa kunywa. Siku arobaini. Watakusumbua."

"Watasubiri."

"Wewe je?"

Mume wangu alikohoa akatazama pembeni, mjinga yule. "Nitasubiri," nilisema. "Nikishindwa, nifungieni nje."

Tochi alisogea kwenye karatasi, akachukua chaki kwenye sikio la fundi bila kuomba, akaanza. Koti la baridi lifike mpaka hapa. Koki mbili, moja chini kabisa, moja juu kidogo ili isivute matope ya hamira. Mshono huu uwe mmoja, usiunge katikati. Geji ya presha iangalie chumbani, isiangalie dirisha, jua litaipofusha. Aliongea! Mtu ambaye kwenye harusi yangu alisema maneno sita. Aliongea mpaka fundi akavuta kiti, akaketi, akawa anaandika kama mwanafunzi, anasema "ndiyo, mwalimu," "sawa, mwalimu," na mimi nimesimama na mwiko wangu, nacheka peke yangu kwa furaha.

"Limebaki tundu la kuingilia kuoshea," fundi alisema mwishoni. "Kwa kawaida naweka kubwa tu, apite yeyote. Atakayeosha ni mtu wa umbo gani?"

Chaki ya Tochi ilisimama hewani.

"Miaka kumi na saba nimeyaosha," alisema, si kwa fundi, si kwangu hasa. "Sijawahi kujaza hata moja." Kisha akainyoosha mikono pembeni, akasimama wima mbele yake. "Hili nitaliosha mwenyewe."

Fundi alielewa. Aliinuka, akavuta tepu yake, akaipitisha mgongoni kwa wifi yangu kutoka bega hadi bega, polepole, kama fundi nguo anayempima mtu gauni. Tochi alifumba macho. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamshuka mpaka kidevuni, wala hakujifuta, kwa sababu angesogea na kipimo kingekosewa.

"Sentimita arobaini na moja," fundi alisema, akaandika.